Miguso Isiyo na Kidole

Jumatatu, 8 Septemba

Simu tatu tangu asubuhi. Ya kwanza skrini imeganda: nikabana vitufe viwili kwa pamoja, ikajiwasha upya, ikapona. Ya pili mwanga unafifia wenyewe: mpangilio tu, nikauzima. Ya tatu imepasuka kioo. Nikamrudishia mwenyewe. Bango langu linasema wazi kwamba ninatibu programu, sitibu vioo. Watu hawasomi.

Papa Shabani, mwenye kibanda cha kuchajia simu kilichopakana na changu, alicheka, akiniita kwa shahada yangu kama kawaida yake. "Monsieur Licencié, we unaponyeshaka roho tu? Mwili unaachia nani?" Tukabishana kuhusu roho na mwili mpaka jenereta yake ikafunika sauti zetu. Umeme haujarudi tangu jana.

Mchana alipita Zaina, mdogo wangu, kuchukua simu yake kwa Papa Shabani. Beseni la samaki wa moshi kichwani, haraka kama kawaida. Anasema simu inaita watu yenyewe. "Hata papa iliita, yaya," akaniambia mimi kaka yake. Baba yetu alikwisha fariki, jina lake bado limo ndani ya simu. Nikamwambia ailete siku nyingine. Nilikuwa na mteja. Na hoja yangu na Papa Shabani ilikuwa haijafika mwisho.

Jumatano, 10 Septemba

Zaina yuko hapa nyumbani. Mumewe, Ramazani, amemrudisha. Mtoto amebaki kule. Salima, miaka mitatu.

Sababu ni simu. Kuna mfanyabiashara wa Isangi anayemletea Zaina samaki kwa boti. Mke wa mtu huyo alifungua simu ya mumewe, akakuta namba ya Zaina mara nyingi kupita kiasi: alfajiri, adhuhuri, jioni. Alikwenda sokoni kumlilia mama yake Ramazani mbele ya watu wote. Mfanyabiashara anajitetea kwamba kila akipokea hasikii sauti ya mtu, anasikia mlio wa mashine. Utetezi wa kitoto. Ningekuwa hakimu ningeutupa.

Zaina hasemi uongo. Hilo nalijua tangu tukiwa wadogo: alikuwa akijishtaki mwenyewe kabla hajaulizwa. Basi kosa limo ndani ya simu. Na kama limo ndani ya simu, ni langu.

Mama anataka simu isomewe dua. Nilimwambia kifaa hakina pepo. Akaniambia mimi ndiye mwenye pepo la ubishi. Zaina hakucheka. Lituma yake, ndizi za kuponda, imebaki sahanini, imepoa.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeichunguza. Haina neno la siri. Skrini huwaka kila inapochomekwa kwenye umeme. Katika uso wa kwanza, chini kushoto, Zaina aliweka picha ndogo ya namba ya mfanyabiashara ili amfikie kwa mguso mmoja, kwa sababu ndiye anayempigia zaidi kwa kazi. Juu yake, Papa. Pembeni, Mama, kisha mimi. Kwa hiyo kidole chochote kikianguka pale, simu inaita. Swali ni moja: kidole cha nani?

Ndani ya mipangilio kuna menyu iliyofichwa, ya watengenezaji. Ukiifungua, kila mguso unaacha doa jeupe kwenye skrini, hata mguso ambao hakuna aliyeugusa. Nikaiweka simu mezani, nikaitazama kama paka anavyotazama shimo la panya. Hakuna doa hata moja. Nikaiwasha katika hali salama, programu zote za nje zikiwa zimelala. Kimya vilevile. Umeme haukuwapo, lakini betri ilitosha kwa kazi yote.

Hitimisho langu: programu mbovu, huenda ile ya kupamba kibodi aliyoipakua kwa rafiki yake. Inaamka inapotaka, inalala inapotazamwa. Nimeandika hoja zangu kwa mpangilio. Zinashikana vizuri. Nimefurahi leo, na ninaona aibu kidogo kuandika kwamba nimefurahi.

Jumamosi, 13 Septemba

Kesho ni kikao cha familia mbili.

Zaina aliniomba jambo moja tu. "Yaya, iache vile iko. Waione na ugonjwa yake." Nikamweleza kwa nini haiwezekani. Mgonjwa hapelekwi mahakamani. Tena, je, simu ikimpigia mtu yule yule katikati ya kikao, mbele ya mama mkwe? Akajaribu kunijibu. Nilikuwa na majibu mengi kuliko yeye. Akaniachia simu kwenye mkeka.

Nilihifadhi picha za Salima na majina yote. Kisha nikafuta kila kitu, nikairudisha simu katika hali ya kiwandani, nikasasisha mfumo. Ikazaliwa upya. Skrini laini, nyepesi, inatii. Namba ya mfanyabiashara sikuirudisha kwenye uso wa kwanza. Mahali pake, chini kushoto, nimeweka yangu. Akipatwa na shida anifikie mara moja.

Kazi safi.

Jumapili, 14 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Walikaa barazani kwa Ramazani. Msemaji wao alikuwa Tonton Assani, mdogo wa marehemu baba yake Ramazani, mzee mpole, sauti ya chini. Kwetu, Mama na mimi. Zaina kwenye mkeka, uso chini. Salima walimficha kwa jirani; tulisikia sauti yake ng'ambo ya ukuta.

Niliongea vizuri. Hilo nalikiri. Nilieleza skrini, miguso, programu zinazojificha. Mtu mmoja akauliza kama kweli simu inaweza kutenda jambo bila mwenyewe. Nikasema: hakuna kitu ambacho siwezi kuiamuru simu itende. Nilisema hivyo, kwa maneno hayo hayo, na kifua mbele.

Tonton Assani akanyoosha mkono. "Bon. Tuonyeshe sasa. Fungua pale simu inaandikaka wale iliita. Kama inaita yenyewe, itakuwa iliita hata watu wengine, si ule bwana peke yake."

Swali zuri. Swali ambalo mimi, mwenye shahada, sikulifikiria. Orodha ya simu zilizopigwa ilikuwa imekwenda na vingine vyote. Jina la Papa lilikuwa ndani yake. Mke anayemdanganya mumewe hampigii baba aliyekufa.

Nikasema nimeifuta.

"Umefuta?"

Nimeifuta ili niitibu, nikasema. Nikaanza kueleza tena. Mama mkwe akapiga makofi mara moja, akageukia wenzake. "Mumesikia? Jana! Amefuta jana! Kama hamuna kitu mule, alikuwa anafuta nini?" Shangazi mmoja akaongeza kwamba ndiyo faida ya kusomesha watoto: wanajua kufagia nyayo. Walicheka. Ramazani hakucheka. Alitazama sakafu.

Zaina aliniangalia. Sikuweza kumwangalia.

Jumanne, 16 Septemba

Nilikwenda kibandani kwa sababu nyumbani hakukaliki. Nilichukua simu ya Zaina pamoja na chaja yake, nikampa Papa Shabani aichaji na nyingine. Nilikuwa nimeiwasha tena ile menyu ya madoa meupe. Sina imani tena na hitimisho langu, lakini sikuwa na lingine.

Saa nne hivi simu yangu ikalia mfukoni. Zaina.

Zaina alikuwa nyumbani, hana simu.

Nikageuka. Simu yake ilikuwa juu ya ubao wa Papa Shabani, katikati ya nyingine, hakuna mtu karibu nayo. Skrini inawaka. Chini kushoto madoa meupe yanarukaruka kama mvua ya kwanza kwenye bati. Nikapokea simu yangu. Nikasikia jenereta, mara mbili: kwa sikio moja ndani ya simu, kwa lingine hapa hapa mbele yangu.

Mlio wa mashine. Yule mtu wa Isangi alisema kweli tupu.

Nikaichomoa chaja. Madoa yakakoma. Nikaichomeka. Yakarudi. Nikabadilisha chaja, nikachukua ya Papa Shabani mwenyewe: kimya. Nikarudisha ya Zaina: wendawazimu. Chaja ni mbovu, ya bei rahisi, inapitisha umeme mchafu, na kioo kinaudhania kuwa kidole. Kwa jenereta inazidi. Kwa betri peke yake haitatokea kamwe. Halikuwa kosa la programu. Nilitibu kisichoumwa, nikafuta shahidi.

Na ilikuwa ikitokea hapa kila siku. Hatua mbili kutoka kiti changu. Nilikuwa nikibishana.

Papa Shabani alisimama na mafuta mkononi, macho kwenye madoa. "Ah! Mutu haiguse! Ni nini hii, Licencié?" Ndipo nikafikiria jambo la kikao. Kama ningeiacha vile ilivyo, kama alivyosema Zaina, wao wenyewe wangeichomeka, wangeona.

Alhamisi, 18 Septemba

Nilimfuata Ramazani kazini kwake, na simu, na chaja. Umeme ulikuwapo. Tulikaa kwenye benchi la korido karibu na soketi. Nikaichomeka. Namshukuru Mungu, yakaruka. Simu yangu ikalia mbele yake.

Alitazama muda mrefu. Aliichomoa yeye mwenyewe, akaichomeka yeye mwenyewe. Nilidhani nimeshinda.

Kisha akasema, bila ukali: "Shemeji, we ulisema mwenyewe mbele ya wazee. Hakuna kitu hauwezi kuamuru telefone ifanye."

Nilimwambia hii ni chaja, si mimi. Ni fizikia. Akasema anaweza kuniamini. Lakini atakwenda kumwambia nini Tonton? Kwamba mtu aliyefuta jana ameleta leo mchezo mwingine? "Watanicheka mimi, watakucheka wewe, na ile kitu itabaki vile vile."

Nikamwambia kampuni ya simu inayo kumbukumbu ya namba zote zilizopigwa. Inampa mwenye laini, na laini imesajiliwa kwa jina la Ramazani mwenyewe. Aende aombe, ataona na jina la Papa. Akatikisa kichwa. Hataki kusimama dirishani kuomba karatasi ya aibu ya nyumba yake. Nikabishana. Nikapandisha sauti. Wenzake wakatoa vichwa milangoni. Akainuka, akaingia ofisini, akafunga mlango polepole.

Najua nilipokosea. Angeachwa peke yake na yale madoa kwa siku mbili, angekwenda mwenyewe. Sikumwachia nafasi ya kufika.

Jumapili, 21 Septemba

Talaka. Tonton Assani alituma watu wawili na nguo za Zaina katika mifuko. Zimekunjwa vizuri. Mtu aliyezikunja alikuwa anamheshimu.

Salima anabaki kwa baba yake. Hilo halikujadiliwa hata kidogo.

Jumatatu, 22 Septemba

Nilimwambia Zaina kila kitu: chaja, jenereta, benchi la korido. Nilitumia maneno machache, kwa mara ya kwanza maishani. Alisikiliza huku akichambua sombe, majani ya muhogo ya jioni. Nilipomaliza alisema: "Nilikuambia uiache."

Basi.

Alhamisi, 25 Septemba

Amekwenda Banalia, kwa mama mdogo, atauza samaki wa huko. Alipanda nyuma ya pikipiki na mifuko yake. Alimuaga Mama, akamuaga jirani. Kwangu alinyoosha mkono tu, kama mgeni. Simu na ile chaja yake mbovu zilikuwa mfukoni mwa koti lake. Nilikuwa nimemnunulia chaja nyingine, nzuri. Aliiacha juu ya dirisha.

Jumatano, 1 Oktoba

Nilimpigia. Hakupokea. Nilimwandikia maelezo marefu. Ameyasoma, simu inaonyesha.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mteja alileta simu inayojigusa yenyewe. Nikamuuliza kwanza anaichaji wapi na kwa chaja gani. Akaniuliza kama mimi ni fundi au polisi. Papa Shabani alingoja nimjibu. Nikamwambia mteja asifute chochote mpaka nimwambie.

Nilimwona Salima sokoni, mgongoni kwa shangazi yake. Amesukwa nywele upya. Hakuniona.

Jumapili, 12 Oktoba

Simu yangu ililia saa nne asubuhi. Zaina. Nikapokea kabla mlio haujakwisha. Nikaita jina lake. Hakuna.

Nikasikia jenereta, mbali kidogo. Kuku. Mtu anatwanga. Nikaelewa: ile chaja, ile pembe ya chini kushoto, namba yangu. Hajui kwamba ameniita.

Nikakaa kwenye kiti bila kusogea. Mtu akauliza bei ya samaki kwa Kilingala, na yeye akajibu, sauti yake ya kawaida, ya soko, ile ya kuvutana bei. Alicheka kidogo kwa mnunuzi. Baadaye, alipodhani yuko peke yake, akaimba puani wimbo wa kumlaza Salima, akaukata katikati.

Ikakatika yenyewe.

Najua dawa. Namba yangu itolewe pale, au achomeke chaja nyingine. Mstari mmoja wa maandishi unatosha, na angeusoma. Nimeuandika mara mbili leo. Mara mbili nimeufuta.

Umeme umerudi mtaani. Nimeiweka simu yangu mezani, sauti juu.