Kizibo Kimoja kwa Kila Shimo

Mwanangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mbuzi amezaa pacha, na goti langu lina nafuu. Mfuko wa mbolea ulionitumia ulifika. Niliuficha nyuma ya kuni kama kawaida yetu.

Baba yako unamjua: kwake mbolea ni samadi tu, ya dukani inaua udongo. Mwaka wa sita huu, akishatia samadi yake, mimi napita nyuma na kizibo cha soda, natia yako kidogo kila shimo, nafukia. Mahindi yakistawi, anatamba. Nikasema potelea mbali, mzee afurahi.

Kumbe majirani walikuwa wanamsikiliza. Msimu huu hawakununua mbolea, wametia samadi peke yake. Mahindi yao yamekuwa ya njano, yetu ni kijani kibichi. Jana walikuja kumwuliza siri yake. Akawaapia hana siri. Wakaondoka wakisema ana roho mbaya.

Tangu asubuhi anawapelekea samadi yetu kwa toroli, bure. Akaniita nimsaidie kusukuma. Ningemwambia nini, mwanangu?

Nikasukuma.

Mama yako