Mikeka Sita Isiyo na Wenyewe

Jumatatu, 6 Mei 2024

Leo nimekuwa mtetezi wa mafundi wa mkono. Nilijiteua mwenyewe, hakuna aliyepinga kwa sababu hakuna aliyekuwepo. Roger, mwenye nyumba ya wageni Kindu, amepiga simu: anataka mikeka sita ya kusukwa, yote mita mbili kamili. Hapa Kasongo simjui mwingine wa kazi hiyo ila Mama Feza — naye anafunga mizigo. Binti yake anamwita aende huko machimboni Salamabila awapikie wachimba dhahabu. Vidole vile, vikasonge bugali! Nitamwokoa mimi.

Mounira, mke wangu, ameuliza nitamwokoaje na duka langu limejaa mikeka ya plastiki. Nimemjibu kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Tofauti yenyewe sikuieleza.

Jumanne, 7 Mei

Mama Feza amekataa. Nilipotaja mita mbili aliuliza za nani. Nikasema za duka. Akaacha kusuka.

"Mwana wangu, mukeka bila mwenyewe iko ya maiti. Inangoja mutu."

Kumbe hupima kila mtu kwa kamba, utosini hadi kisiginoni, ndipo aanze. Bibi yake alimfundisha hivyo. Nikarudi nyumbani nimenywea. Halafu — akili ya duka — nikaenda tena na majina. Imamu, shemeji yangu, Ernestine muuza mawese, majirani wawili. La sita likanigomea, nikalibuni: Musafiri wa Lusangi, mrefu hivi. Akakubali. Salamabila itangoja amalize.

Ijumaa, 10 Mei

Baada ya sala imamu ameushika mkono wangu muda mrefu. Ananishukuru kwa mkeka. Mkeka gani? Mama Feza alikwenda kwake jana kumpima, akamwambia ni zawadi yangu. Ernestine naye amelala chini sokoni, mbele ya wateja, apimwe. Shemeji amesema sasa anaamini nina moyo.

Ningeweza kusema ukweli. Nikasema, "Si kitu."

Jumatano, 12 Juni

Roger anauliza. Nimemwambia kazi inaendelea. Inaendelea kweli: wa imamu mfupi, wa Ernestine mpana kama mlango wa kanisa. Hakuna miwili inayolingana. Mizuri mno, hata inauma.

Ijumaa, 5 Julai

Mitano imekwisha. Mitano imechukuliwa na wenyewe. Nimelipa mimi. Dereva wa Roger anakuja kesho.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika nimelala chini dukani.

Mama Feza amekuja na kamba yake na mfuko wa safari. Alipanda pikipiki hadi Lusangi, akauliza nyumba kwa nyumba. Musafiri mrefu hivi hayupo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii aliipita yeye, siku mbili, vumbi tupu. Nimeona haya kweli kweli. Nikakiri yote: Roger, mita mbili, majina. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Ile tano iko na wenyewe. Imebaki moja. Lala."

Nikalala papo hapo. Akatazama kilichokuwa chini yangu: mkeka wa plastiki, maua mekundu, kutoka bunda langu mwenyewe.

"Na kwa nyumba unalalaka juu ya nini?"

Mounira, aliyekuwa akipanga bidhaa, akaniwahi: "Iko ileile, mama."

Akanipima, akafunga kifundo kwenye kamba. Kisha akasimama mlangoni, mkono kwenye mfuko, akiyatazama mabunda kumi ya plastiki niliyopokea wiki hii.

"Mbele hii plastiki haijafika, watu walikuwa wanakuja kwangu. Imamu, Ernestine, wote. Mwana wangu, nianze yako, ama niende?"

Nimeomba nifikiri kidogo, nikavuta daftari. Mwanaume mzima, najificha nyuma ya daftari. Nje dereva wa Roger anapiga honi. Kaja kuchukua mikeka sita. Mounira ameinama, ameshika kamba ya bunda la kwanza, ananitazama niseme litoke dukani au libaki. Mama Feza hajaweka mfuko chini. Wananingoja mimi, mtetezi wa mafundi, na bado nimelala juu ya plastiki.