Mvua ya Vijiti

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Jana mchana mvua ya kwanza ilinyesha huku Kigoma, na kumbikumbi wakatoka chini ya ukuta wa jirani. Wajukuu wangu waliwafagia pamoja na mbawa zao, kama takataka. Niliingia ndani nikakaa kitandani bila kuvua viatu. Sina mwingine wa kumwambia ila wewe, na wewe sijui kama upo.

Unakikumbuka kichuguu chetu cha kijijini Luberizi, ng'ambo ya ziwa, nyuma ya mashamba ya mpunga? Babu alimrithisha Papa, na hakuna jirani aliyekigusa. Mwaka wa uhuru, watu walipokuwa wakicheza barabarani, Papa alichomeka fimbo mbichi ya mti wa mvumu pembeni yake iwe alama yetu, ikachipua. Kila mwaka, miti ya porini yenye maua mekundu ilipomaliza kupukutika, Mama alikutuma ukachungulie matundu. Ukiwaona mchwa walinzi wamesimama mlangoni, ulirudi mbio kusema kumbikumbi wako karibu kuruka.

Tulipinda matete juu ya kichuguu, tukayafunika kwa majani ya migomba na mkeka, tukaacha upenyo mmoja tu, juu ya beseni. Kisha tulipiga vijiti juu ya gogo, ili wadudu wadhani ni mvua. Kila nyumba ilikuwa na mpigo wake. Wetu ulihitaji watu wawili: wewe ulipiga harakaharaka, ukanyamaza kidogo, nami nikajaza pale kwa mapigo mawili mazito. Kumbikumbi walipoanza kumwagika, Mama alicheka.

"Weye Feza, unadanganya hata wadudu. Bwana yako atajionea."

"Naye akitoka na mabawa, nitamukaanga," ulimjibu bila kuacha kupiga.

Mwaka wa uasi mvua zilichelewa. Alasiri moja kukanguruma upande wa Sange. Wote tulinyanyua vichwa, maana tulikuwa tunaingoja sauti hiyo kwa wiki nyingi.

"Ngojeni kwanza," Papa alisema.

"Mvua iko inakuja, Papa. Kumbikumbi hawangoji muntu." Ukabeba mkeka, beseni na vijiti, ukanigeukia. "Nawe leta majani, weye muvivu."

Nilikuwa bado nakata majani watu walipotokea barabarani wakikimbia, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Haikuwa radi. Ilikuwa mizinga. Mama alinishika mkono, tukakimbilia mto Ruzizi, naye Papa akakata kona kukufuata.

Tukiwa ndani ya matete ya mtoni tulikusikia. Ulikuwa umeanza peke yako, bila shaka kichwa chini ya mkeka, na kelele yako mwenyewe ilikuziba masikio. Ulipiga harakaharaka, ukanyamaza. Ukapiga tena, ukanyamaza tena. Yaya, ulikuwa unaniachia nafasi yangu. Mama alikuita mpaka sauti yake ikakatika. Kisha hatukusikia kitu.

Papa alitukuta ng'ambo ya mto akiwa na mkeka. Alisema beseni lilikuwa pale, limejaa nusu, kumbikumbi wakitambaa. Wewe hukuwepo, wala damu, wala vijiti. Kwa ajili ya vijiti hivyo Mama alikataa matanga yako mpaka alipokufa yeye. "Aliyekufa habebi vijiti," alisema, na hakuna mchungaji aliyeweza kumgeuza.

Nimekuulizia katika kila kambi niliyopita, na kwa kila mtu aliyeshuka kutoka Uvira. Waliokujua wamekufa mmoja baada ya mwingine. Nimebaki mimi, na hata mimi uso wako umeanza kunitoroka. Naona mgongo tu, umeinama. Nikifa, hakutakuwa na mtu duniani wa kukungoja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si kifo.

Leo asubuhi nilichukua miiko miwili jikoni, nikakaa penye ule ukuta, nikaweka ubao mbele yangu.

"Bibi, unaita nini?" watoto waliuliza, wakicheka.

Nilipiga mapigo yangu mawili, yale ambayo siku ile hayakupigwa. Nikanyamaza, nikakuachia nafasi. Walicheka, wakachoka, wakaenda kucheza. Mimi nimekaa palepale mpaka sasa, karatasi juu ya ubao, na miiko iko mapajani.

Nakusihi, Yaya. Kama mkono wako bado unanyanyuka, popote ulipo, endelea kupiga.

Mdogo wako, yule wa kuleta majani