Mungu Hajaitikia

Jumapili, 4 Mei

Leo nimekuwa mwalimu. Mimi! Darasa nililoliona maishani ni la dirishani tu, nikiwapelekea kaka zangu chakula.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wa watoto wadogo mimba imemwelemea, kaambiwa alale mpaka ajifungue. Mkuu wa shule ya Jumapili akasimama kuuliza nani atajitolea. Kanisa zima likaanza kukagua viatu vyake. Mimi nikanyoosha mkono kumwomba mtu afungue dirisha, joto lilikuwa linanimaliza — makofi yakalipuka. Ningesemaje tena? Nikakubali. Na mimi nikikubali nimekubali.

Mkuu akanipa kitabu cha masomo. Somo: maombi. Nikamwambia: mwanangu, herufi nimezijua juzi, kanifundisha mjukuu wangu, na ndiye aliyesema niandike humu ili mkono usisahau. Kitabu kizima hicho kitanizika. Akasema basi nisome picha. Mtu mstaarabu. Kaptura yake ya kwanza ya shule niliishona mimi, hatulii kupimwa.

Darasa lenyewe ni stoo ya viti. Viti vilivyovunjika miguu, kinanda kilichokufa, ndoo, na watoto wananukia sabuni na usingizi. Mmoja alinivuta sketi akaniuliza kama Mungu ndiye mimi. Nikamwambia sijafika huko.

Mzee wangu kacheka mpaka kikohozi kikamshika. Eti hatimaye nimepata watu wa saizi yangu wa kugombana nao. Mjinga huyu. Nikamwongezea mchuzi.

Jumapili, 11 Mei

Raha gani hii!

Kitabuni kuna picha ya mtoto kapiga magoti, kafumba macho. Nikawaambia wafumbe. Wote wakafumba, wote wakachungulia, isipokuwa wawili ambao walikuwa wamelala kweli. Nikaona hapana, tuanze na adabu. Nikawauliza: ukiingia kwa babu yako unaanza moja kwa moja kudai peremende? Wakasema hapana, unamwamkia kwanza. Basi, Mungu ni mkubwa kuliko babu. Unamwamkia. Unampa habari za nyumbani. Unashukuru. Ndipo unaomba. Wakapaza sauti kwa pamoja, “Shikamoo Mungu!” — kuku wa jirani akaruka ukuta.

Kisha habari za nyumbani zikamwagika. Mmoja kamweleza Mungu kwamba mgeni wao amekaa sana na mama amechoka naye. Mwingine, yule mnene ninayemwita Bwana Kubwa, kasema baba yake hukoroma kanisani na mama humfinya paja. Nilijiziba mdomo kwa kanga. Ningecheka ningeharibu ibada.

Kumbe Mkuu yuko mlangoni anasikiliza. Akaingia. Akasema Mungu haamkiwi kama jirani, na kwamba watoto wajifunze Sala ya Bwana kwanza, neno kwa neno. Alisema kwa upole, lakini mbele ya watoto! Tulipokuwa tunatoka akaniamkia. Nikapita kama sikusikia. Nilimsikia vizuri sana.

Jumatatu, 12 Mei

Sala ya Bwana nayo ni nzuri, Mkuu hajakosea. Amekosea mahali pa kusemea. Nitawafundisha. Ila salamu siiondoi.

Jumapili, 18 Mei

Leo nimeshikwa pabaya.

Kuna binti wa fundi baiskeli, ana doa jeusi juu ya mdomo, nyumbani wanamwita Kidoti. Mtoto wa kuuliza. Zamu yake ya kuomba ilipofika akasema shikamoo Mungu. Akanyamaza. Tukangoja. Wenzake wakaanza kujikuna. Nikamwambia endelea, mama. Akasema hawezi kuendelea, Mungu hajaitikia. Mkubwa akiwa hajasema marahaba, mtoto haongei. Na ndivyo walivyolelewa, na ndivyo nilivyowalea wanangu!

Nikababaika. Nikasema ameitikia, ila kimyakimya. Akasema masikio yake mazima.

Hapo Bwana Kubwa akadakia kwamba yeye amemsikia, sauti nzito kama ya lori. Basi! Kila mtoto akawa amesikia. Mmoja kaitikiwa mara mbili. Mwingine kaulizwa mpaka hali ya mbuzi wao. Waongo watupu, na mimi nimewafungulia mlango. Nikiwakatalia, nimejikataa mwenyewe.

Kidoti akawaangalia mmoja mmoja. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, kaufumba mdomo. Ndiye peke yake asiyesikia kitu, na ndiye peke yake aliyesema kweli.



Jumanne, 20 Mei

Fundi baiskeli kaja, mikono ina grisi mpaka viwikoni, hakutaka kukaa asichafue kiti. Anasema mtoto wake haombi tena. Hata mezani. Wakifumba macho yeye anaangalia sahani. Usiku humwuliza mama yake kosa lake ni lipi. Juzi alimwaga maziwa akamsingizia paka, sasa anaamini Mungu kamnunia kwa ajili ya maziwa.

Nikauliza, kamnunia? Nani kamfundisha kwamba Mungu hununa?

Fundi akaangalia chini. “Mama, anasema ulipomkasirikia Mkuu hukumwitikia shikamoo yake. Mtoto alikuwa nyuma yako.”

  Kumbe ni mimi, mwenye mdomo huu!

Nikamwambia amlete keshokutwa akitoka shule, aje na lile gauni lake la kanisani, nimeona linaburuta vumbi. Asipoomba tena mtoto huyu, mimi ndiye niliyemzima. Hao wengine waliodanganya watapona wenyewe. Huyu sijui.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda kwa Mkuu, kwake. Akaniamkia. Nikasema marahaba, na ile ya siku ile pia marahaba. Akacheka. Mkewe akaleta chai. Akaniambia kuna wazazi wanalalamika, siri zao zinatajwa hadharani. Yule mgeni aliyekaa sana kafunga mizigo kaondoka! Mimi naona sala imejibiwa. Sikusema.

Alhamisi, 22 Mei

Niandike haraka kabla sijasahau namna ilivyokwenda.

Kidoti kaja. Nikamvika gauni, nikamsimamisha juu ya kigoda, nikapiga magoti kumkunjia upindo. Sina mto wa pini, naziweka mdomoni, tangu ujana. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima ya kumpa. Ningetoaje na pini mdomoni? Yeye akaanza kuongea. Habari za shule. Rafiki yake kang'oka jino kalimeza. Baba kapiga nyundo kidole chake badala ya chuma, akasema neno ambalo yeye haruhusiwi kulisema. Akalisema. Kuhusu mbuzi wao. Kuhusu maziwa na paka, akapunguza sauti hapo. Mimi kazi yangu mmm, na pini.

Nilipomaliza nikazitema. Ndipo likanijia, naapa sikulipanga.

Nikamwuliza, “Muda wote huu nimekujibu?”

“Hujanijibu. Ulikuwa na pini mdomoni.”

“Mbona uliendelea kuongea?”

Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. “Si ulikuwa unanishonea gauni langu, Bibi.”

  Akajitazama miguuni, upindo ulivyokaa. Akazunguka ili sketi ipepee.

Hakuomba. Sikumlazimisha. Alikula viazi vitatu vyenye chumvi akaenda kwao akirukaruka.

Jumamosi, 24 Mei

Mtaa mzima unajua kwamba Mungu ana pini mdomoni.

Kidoti kamwambia Bwana Kubwa, Bwana Kubwa kamwambia dunia. Mtoto mmoja kamchora, ndevu, cherehani, pini zimejaa, wakambandika kwenye mlango wa kanisa! Mama mchungaji kanipigia simu, sikujua anacheka au analia. Wazee wa kanisa watakaa kesho baada ya ibada kuamua kama darasa niendelee nalo au nipumzishwe. Nipumzishwe! Nimechoka lini?

Mkuu alipita jioni. Kajikuna kichwa sana. Anasema kitabu chake hakina habari za pini, na hajui atawaambia nini wazee, lakini atakuwepo. Nikamwambia aseme anavyoona, mimi si yai.

Mzee wangu anasema wakinifukuza niwahamishie watoto barazani kwetu, yeye atakuwa mkuu wa shule. Haijui hata Amri ya Pili.

Lakini nikiwa peke yangu na karatasi hii nisijidanganye. Nalitaka darasa langu. Nalitaka sana. Stoo ile na viti vyake vibovu. Kaka zangu walinipita wakienda shule miaka yote ile, na sasa watu wananiita Mwalimu. Hata wakiniita kwa kukosea.

Jumapili, 25 Mei

Naandika nikiwa stoo. Wazee wako chumba cha pili, ukuta ni wa mbao, nasikia viti vinavyoburutwa ila maneno siyapati. Nasikia mtu anasema pini. Mtu anacheka, anakatazwa.

Darasani leo wote wameomba, isipokuwa mmoja. Sala ya Bwana wameifikisha mwisho, kwa kurukaruka, lakini wameifikisha. Kidoti zamu yake ilipofika akatikisa kichwa. Nikampita. Roho iliniuma kama jino.

Anafungua mlango sasa hivi. Ni yeye. Gauni na upindo wake. Anasema baba anamngoja mama nje. Anauliza kama anaweza kukaa. Nimemwambia akae.

Kaigeuza ndoo, kaikalia. Kanipa mgongo, anautazama ukuta. Nimeinamia karatasi yangu, sitamwangalia. Naandika tu.

“Shikamoo Mungu.”

Hakungoja! Hakungoja hata kidogo! Anasema paka hakumwaga maziwa, ni yeye, na paka alipigwa kwa kandambili bila kosa. Anasema kidole cha baba kimekuwa cheusi. Anamwambia kuhusu jino lililomezwa, na anamweleza lilivyokuwa, lilikuwa na tundu —

Mkuu kafungua mlango. Bibi, wanakuita. Uso wake sijausoma. Nimenyoosha mkono, anyamaze. Safari hii si kwa sababu ya dirisha. Kamwona mtoto. Kasimama hapo hapo, mkono kwenye kitasa.

Kule ndani wanaita tena, sauti ya mchungaji. Mkuu hageuki.

Nimemnong'oneza awaambie wangoje. Kuna mtu anaongea, na bado yuko kwenye habari za nyumbani, kuomba hajaanza. Sasa ndiyo kwanza anafika kwa mbuzi.