Zaburi Si Tupu

Jumatatu, 20 Mei 2024

Daktari wa farasi amempiga Zaburi, jike ninayemtunza, picha ya tumbo. Ameona kidoti tu — asema ni uvimbe wa maji. Siku arobaini na tano tangu apandwe, moyo wa mtoto ungekuwa unadunda.

Bosi akasema ni tupu, mwaka wa tatu huu, Ijumaa ya wiki ijayo lori limpeleke mnadani. Tupu! Aliyeshinda mbio kumi na nne pale uwanjani Shakopee! Leo amekuwa debe?

Hata mimi mama mkwe aliniita tupu. Miaka tisa. Kisha nikamzaa Jeptoo.

Jumapili, 26 Mei

Jeptoo amekuja kutoka mjini Hopkins. Kwa Kiingereza chake: Mum, huyo ni farasi tu, njoo tufanye kazi ya kuwatunza wazee. Nikamwambia ale ugali, unapoa.

Lakini mbona Zaburi anamkataa dume? Nimempitisha karibu naye mara mbili. Masikio nyuma — teke! Ng'ombe wa baba alifanya hivyo akiwa na mimba. Silali vizuri.

Alhamisi, 30 Mei

Mungu wangu, kosa ni langu!

Kadi ya mlangoni mwa Zaburi niliandika mwenyewe: kupandwa 4/5. Tarehe nne, mwezi wa tano. Nikamwonyesha Timothy, mwenzangu wa zizini. Akashika kichwa, akasema: Mathe, hawa Wamarekani hutanguliza mwezi! Wamesoma Aprili tarehe tano!

Kumbe siku ile ya picha mimba ilikuwa ya siku kumi na sita tu! Kidoti kile kingekuwa nini kingine?

Nimempigia bosi. Kiingereza kikanipotea, nikasema hivyo hivyo. Akacheka, eti lori limeshaagizwa. Hanijui.

Ijumaa, 31 Mei

Lori lilifika saa tatu. Nikajifungia ndani na Zaburi. Dereva akagonga, ana haraka. Nikamjibu kwa Kiswahili mpaka akachoka. Bosi naye: fungua au kazi huna. Nikamwambia kupitia dirisha, nifukuze, lakini piga picha kwanza! Leo ni siku ya ishirini na saba, moyo utaonekana.

Halafu nikasikia anamwita daktari kwa simu.

Sasa nimefungua, daktari yumo ndani na mashine. Timothy ndiye anayemshika Zaburi. Mimi nimekaa kwenye ngazi ya lori, dereva hana pa kupandia. Na asipande!



Timothy mwanangu, usingoje wamalize. Toa kichwa uniambie upesi, hata kama ni — Ametoa kichwa: Mathe, moyo unadunda!