Aliyeshika Usukani

Jumatatu, 8 Septemba

Gereji tena. Wiki ya tatu sasa. Natoka nyumbani Bulla Pesa nimevaa nguo za kazi, nafika, nasimama kando ya lori mikono nyuma kama inspekta. Mafundi hawanihitaji. Kabini imenyooshwa, kioo kipya kimewekwa, zimebaki breki.

Wapita njia wanasimama kunisalimia. Leo mama mmoja anayeuza nguo amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Amesema bila mimi lori lingeingia kwenye vibanda. Nimejibu alhamdulillahi. Nilitaka kumnyang'anya mkono wangu.

Kisa wanachokijua watu ni hiki. Breki zilikufa kwenye mteremko wa kutoka Subuiga kushuka mjini kwetu, lori limejaa viazi. Dereva Ismail, yaani mimi, akatulia, akaligongesha kwenye ukingo wa udongo kabla halijafika kwa watu. Ismail akatoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Mwiti, dereva mwenzake wa kupokezana, akavunjika mguu. Hakuna aliyekufa.

Sijawahi kukanusha.

Jumatano, 10 Septemba

Siku mbaya. Binti yangu Hodan ameandika insha shuleni. Mwalimu aliwaambia waandike juu ya mtu wanayemheshimu. Ameniandika mimi. Alikuja nayo uani akanisomea, amesimama wima kabisa, na mama yake Sahra akaacha kufua ili asikilize.

Nilivumilia mpaka aya ya pili. Nikamkemea. Kwamba ameacha mlango wazi, vumbi lote linaingia ndani. Mlango! Akakunja karatasi akaenda zake. Ana miaka kumi na sita, na uso wake ulizimika mbele ya macho yangu.

Sahra alinitazama tu, mikono imejaa povu.

Mimi ni mjinga.

Alhamisi, 11 Septemba

Haji, mwenye lori, amekuja gereji. Ana furaha. Jumamosi ya wiki ijayo atachinja mbuzi nyumbani kwake, dua isomwe, madereva wote wale. Sadaka ya shukrani. Kisha Jumatatu nipande juu kuchukua viazi. Maana yake, nirudi kwa mteremko uleule.

Nimesema inshallah.

Alipoondoka, fundi akaniomba niwashe injini asikilize. Nikapanda. Nikakaa. Mkono haukufika kwenye ufunguo. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja. Nikasingizia simu, nikashuka, nikaenda nyuma ya ukuta na kushika magoti yangu.

Nina miaka arobaini na tisa. Nimeendesha lori tangu nikiwa na ishirini na tatu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimetoka msikitini sasa hivi. Wamenipa mkono tena. Nitaandika ukweli hapa mara moja, nione kama karatasi itaungua.

Sikuligongesha mimi. Nilikanyaga breki, ikaenda mpaka chini bila kushika. Nikakanyaga tena. Nikaona vibanda kule chini, na watu, na kanga nyekundu ya mtu. Nikaachilia usukani. Nikafunika uso kwa mikono miwili kama mtoto anayekataa kuchapwa.

Mwiti ndiye aliyeruka kutoka upande wake, akanilalia magotini na kuuvuta usukani. Ndiyo maana aliumia. Upande wake ndio uliokutana na udongo. Mwili ulikuwa kwangu, mguu wake ulibaki umebanwa kule alikotoka.

Walipokuja watu walinikuta mimi kwenye kiti cha dereva. Wakajumlisha wenyewe. Mwiti alikuwa akilia kwa maumivu, hakusema lolote. Mimi pia sikusema. Nilikwenda kumwona hospitalini mara moja tu, chumba kimejaa jamaa zake kutoka Meru. Akasema, "Pole, Isma." Yeye ndiye aliyenipa pole. Sijarudi tena.

Karatasi haijaungua. Bado naona aibu nikiitazama.

Jumapili, 14 Septemba

Sahra anajua.

Ilikuwa mchana. Hodan alikuwa kwa shangazi yake. Sahra alikuwa anachambua mchele, mimi natengeneza bawaba ya ule mlango ambao haukuwa na ubaya wowote. Bila kuinua macho akaniuliza, "Baba Hodan, wewe umemkasirikia nani?"

Nilitaka kusema hakuna. Badala yake nikalia. Sikulia siku tulipomzika baba yangu. Watu walinisifu kwa hilo pia. Leo nimelia na bisibisi mkononi mpaka nikakaa chini sakafuni. Sauti yenyewe ilinitisha. Sikujua ninayo.

Alisukuma sinia, akaja akakaa chini karibu nami. Nikamwambia yote. Nilidhani atanidharau. Akauliza:

"Mwiti amesema nini?"

"Sijazungumza naye."

"Sasa mbona uko hapa na mimi?"

Hakusema kwa ukali. Amenipa maji. Akarudi kwenye mchele wake.

Jumanne, 16 Septemba

Nimefika hadi karibu na kwa Mwiti. Nikarudi. Ndizi nilizomnunulia tumezila sisi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeenda. Sahra hakunisindikiza, nilimwomba akakataa.

Mwiti anakaa Burat, nje ya mji, nyumba ya mabati, shamba dogo la vitunguu nyuma yake. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mguu wenye plasta umewekwa juu ya kreti. Amekonda. Mke wake akaniletea kiti kingine, akaondoka kwenda kufungulia vitunguu maji.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yalipotea yote. Nikasema: niliachilia. Wewe uliokoa watu, na mimi nikachukua jina. Nisamehe.

Alikasirika. Sijawahi kumwona hivyo, na tumesafiri pamoja miaka saba.

"Hilo jina chukua! Jina nitalipika nile? Lakini wiki tatu, Isma. Wiki tatu mimi naangalia hiyo njia. Kila pikipiki ikisimama nasema huyo ni Isma. Ulinitupa."

Nikasema ni kweli. Niliogopa uso wako.

Tukakaa. Baadaye akaniambia jambo ambalo hajamwambia mke wake. Magari ya jeshi yakipita kwenda kambini, ule mngurumo, yeye hushika kiti kwa nguvu mpaka vidole vinauma. Siku moja alijikojolea. Alisingizia amemwaga chai.

"Mimi nilidhani ni mimi peke yangu," nikasema.

"Hata mimi."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema angenitaja, ningepoteza kazi, kwa hivyo alingoja niseme mwenyewe. Na amenipa neno moja la kuondoka nalo. Haji nisimwambie kwa ajili yake yeye Mwiti. Nimwambie kwa sababu Jumatatu nitakuwa na mtu mwingine ndani ya lori, na chini ya mteremko kutakuwa na watu.

Hakusema amenisamehe. Alisema nije tena kesho, nimsaidie kuingia ndani bila kumsumbua mke wake.

Alhamisi, 18 Septemba

Asubuhi kwa Mwiti. Jioni nimemwambia Hodan. Yeye wa kwanza kabla ya wanaume wa mji, moyoni mwangu nilijua ananidai hilo. Nimemwomba radhi pia kwa ile kelele ya mlango.

Nilitegemea maswali mengi. Aliuliza moja tu: "Baba, uliogopa sana?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikasema ndiyo. Sana.

Akaniegemezea kichwa begani. Hajafanya hivyo tangu aanze sekondari.

Jumamosi, 20 Septemba

Imekwisha.

Madereva kama kumi na tano uani kwa Haji, mikeka imetandikwa, pilau na nyama tayari. Mwiti aliletwa kwa gari dogo akaketi pembeni na magongo yake. Dua ikasomwa. Haji akasimama kunisifu. Nikanyanyuka kabla hajamaliza, jambo ambalo si adabu.

Sikumbuki nilivyopanga sentensi. Nilisema si mimi, ni Mwiti. Nilisema niliachilia usukani nikafunika macho. Nilisema tangu siku hiyo siwezi hata kuwasha injini, na nimekuwa nikidanganya watu kila siku. Sauti ilikatika katikati. Niliiacha ikatike.

Mtu mmoja akacheka kidogo. Mwingine akasema kwa sauti, "Kumbe mbuzi tumemchinjia huyu?" Akainuka na kwenda kunawa mikono, ameacha sahani yake.

Haji hakunitazama. Alinyoosha mkono. "Leta funguo." Nikampa. Akavuka ua mpaka kwa Mwiti, akainama, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwombea. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Nilisimama peke yangu na ilikuwa chungu. Lakini ilikuwa sawa. Kila mtu alikuwa anakwenda mahali anapostahili kwenda.

Nikiwa natoka, Guyo akanifuata mpaka langoni. Guyo ndiye dereva mkongwe kuliko sisi wote, Mborana, haogopi majambazi wala mafuriko. Hivyo ndivyo tunavyosema. Akaniambia kwa sauti ya chini:

"Ismail, kuna daraja moja huko juu Marsabit. Miaka minne sijalipita bila kusimama kwanza. Nadanganya watu naangalia magurudumu."

Kisha akarudi kula.

Jumatatu, 22 Septemba

Lori limepanda na dereva mwingine. Nimelisikia nikiwa kitandani, naujua mlio wake. Nimeona wivu. Nimeona pia kifua kimelegea. Vyote viwili pamoja.

Baadhi ya watu wamenipita leo bila salamu. Nimelihesabu hilo kuwa haki yao. Kwa Mwiti nimemwagilia vitunguu vyote, mgongo unauma. Aliniambia namwagilia kama mtu wa mjini. Tulicheka kidogo.

Jumamosi, 4 Oktoba

Haji aliniita juzi. Maneno machache. Hajui kama nitarudi kwenye lori. Lakini ana pikapu ya kubebea nyasi za mifugo, barabara ni tambarare, na Guyo amejitolea kukaa nami asubuhi mpaka mkono uzoee. Nikikataa, ataelewa.

Leo tumeanza. Injini ikawaka. Tukatoka mji polepole. Upepo mwingi, vumbi, punda wawili kando ya lami. Guyo alikuwa anatafuna kijiti cha mswaki.

Baada ya kilomita chache lori kubwa likaja mbele yetu. Viganja vikalowa. Zamani ningekaza meno nipite. Nikasema kwa sauti, "Guyo, naogopa."

"Weka kando," akasema.

Nikaweka kando. Lori likapita, pikapu ikayumba. Tulikaa tukanywa maji. Nilipokuwa tayari nilimwambia, tukaendelea na safari.