Siku Waombolezaji Hawakushuka Relini

Mpendwa kaka,

Nakuomba maneno haya yabaki kwako. Usimsomee mtu, hata huyo mama wa ndizi anayevuka mpaka kukuletea. Yeye nimemwambia ni salamu za nyumbani. Ukimaliza kusoma, itie barua motoni.

Huku mvua haikatiki na mama halali vizuri. Nakumbuka ile Jumapili uliponiweka kwenye usukani kule Shirimatunda. Lori lilikuwa tupu. Niliondoka na gia ya pili, likaruka kama ndama. Kesho yake, likiwa na magunia ya mpunga kutoka Chekereni, nikafanya vilevile. Likatetemeka, likazima.

"Unaendesha au unapukuchua mahindi?" ulinicheka. Kisha ukanieleza taratibu: gia ya kwanza ina nguvu lakini haina mbio, ya pili ina mbio, ila mzigo mzito unaishinda. Na gari zito halichanganyi mwendo upesi, hata ukikanyaga mafuta mpaka mwisho.

Ndiyo maana kila tulipofika relini uliwashusha abiria wote wavuke kwa miguu, wapande tena ng'ambo. Wazee walinung'unika, nawe ukiwatania: "Shikamoo babu, shuka unyooshe magoti."

Siku ile tulibeba mpunga, na juu ya magunia walikaa waombolezaji wakipeleka jeneza mlimani. Nani angewakatalia? Ulisimama kabla ya reli, ukafungua mlango ili uwashushe. Meneja wa ofisi yetu, aliyekaa nasi mbele, akakushika mkono.

"Utawashushaje watu na maiti yao? Twende, treni iko mbali."

Ukaingiza gia ya kwanza. Injini ilinguruma, lori likatambaa. Nilitamani ubadilishe gia, lakini nilijua huwezi. Ya pili ingetuzimia katikati ya reli. Treni ikatugonga kwa nyuma. Shangazi wa marehemu akafa palepale. Watu walipoanza kuokota mawe, ukakimbia.

Kesho naitwa mahakamani. Meneja anasema alikuamuru uwashushe ukakaidi, tena kwamba dereva makini angevuka bila taabu. Jana alinisimamisha mlangoni pa ofisi.

"Wewe binti, mbele tulikuwa watatu. Mmoja amekimbia. Kazi bado unaitaka?"

"Ndiyo, ndugu meneja," nikajibu.

Ndivyo nilivyojibu, kaka. Mshahara wangu ndio unaomtunza mama sasa. Nikisema kweli nitafukuzwa kesho hiyohiyo. Nikinyamaza, hutarudi nyumbani maisha yako yote. Naogopa, na sijui asubuhi kinywa changu kitatoa nini.

Usiniandikie kwa sanduku la ofisi. Siku ya soko mpe jibu mama wa ndizi, apite kwa mama mdogo, nyumba iliyo nyuma ya kanisa, aniulizie kwa jina langu la utotoni. Akinikuta shambani nalima, sina kazi tena, anikabidhi barua yako. Akiambiwa bado ninayo kazi yangu ofisini, asiiache. Arudi nayo.

Mdogo wako